UZI: Filamu za Raoul Peck za matukio ya kweli. Uanze na ipi, ushike nini mkononi, na wapi amebuni

#1 Kibatari

Wakuu, salamu. Kila ukifunguliwa mjadala wa filamu za historia ya kweli, majina yanayotajwa ni yale yale ya Hollywood. Uzi huu ni wa mtu mmoja tu, Raoul Peck. Filamu zake mbili kubwa zimetokea uani kwetu: Kongo ya 1960 na Rwanda ya 1994, na hiyo ya pili inapita Arusha kabisa.

Kwa asiyemjua: alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, 1953. Mwaka 1961 familia yake ilihamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo. Wabelgiji walikuwa wamefungasha virago, Kongo imebaki bila wataalamu, hivyo Wahaiti wanaojua Kifaransa wakaajiriwa kujaza nafasi. Filamu alisomea Berlin. Kati ya 1996 na 1997 alikuwa waziri wa utamaduni kwao Haiti, na hili msilipuuze. Angalieni vikao ndani ya filamu zake: anajua nani hukaa karibu na mlango, nani hunong'onezwa, karatasi gani husainiwa bila kusomwa. Waongozaji wengi wa filamu za siasa huchapia hapo hapo.

Kanuni yangu ya kumtazama Peck ni hii: watu wa ofisini ni wa kweli, watu wa sebuleni chunguza. Kwenye *Lumumba* (2000, dakika 115), ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, karibu kila mwenye cheo alikuwepo kweli na jina lake ni lile lile. Kwenye *Sometimes in April* (2005, dakika 140) familia ya Augustin, mhusika mkuu, ni ya kubuni, lakini maofisa wa Washington na Kigali wametoka kwenye kumbukumbu. Ukichanganya makundi haya mawili utaishia kumtafuta Augustin Muganza kwenye vitabu na hutampata.

Mpangilio ninaoupendekeza:
1. *Lumumba*
2. *Lumumba, la mort d'un prophète*, filamu yake ya hali halisi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, dakika 69 tu
3. *Sometimes in April*
4. *I Am Not Your Negro* (2016)
5. *Le jeune Karl Marx* (2017)

Karibuni.

#2 Mzee wa Reli

Nafasi ya kwanza imewahiwa. Kibatari, sikubaliani na 1 na 2. Ya hali halisi itangulie.

#3 Kibatari

Sababu, mzee wangu?

#4 Mzee wa Reli

Kwa sababu ile filamu ndogo inakuonyesha kwamba picha za Lumumba zina mwenyewe, na mwenyewe si Mkongo. Peck alikusudia kwenda kupiga Zaire, mambo yakawa hayaeleweki kiusalama, akabaki anazunguka Brussels na kamera yake. Humo ndani anataja bei aliyodaiwa kwa picha za maktaba ya habari ya Uingereza: dola 3,000 kwa dakika. Ndiyo maana ina mitaa ya Ubelgiji mingi na Kongo kidogo. Mtu asiyejua hilo anaona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo la pili, sauti ya mama yake. Mama alikuwa katibu katika ofisi ya meya wa Léopoldville, na masimulizi mengi yanapitia kwake. Ukitoka hapo ukaingia *Lumumba* ya 2000, unajua kwa nini makatibu na wapiga chapa wana sura na macho kwenye filamu ile, si samani.

#5 Kibatari

Hoja ya mama naikubali. Ila mgeni akianza na filamu isiyo na mtiririko wa tarehe, dakika ya 20 ameshaacha. Ile inamtaka mtu anayejua tayari Kasavubu ni nani na Tshombe ni nani. Nitabaki na mpangilio wangu kwa wageni, wako kwa wenyeji.

#6 BintiPangani

Kwa nyote wawili: filamu yoyote itakayotangulia, usikae bila ratiba ya tarehe. *Lumumba* inaanzia mwishoni, usiku, Wazungu wawili wanafukua miili na kuiteketeza, halafu inarudi nyuma. Andika hizi kwenye karatasi kabla ya kubonyeza:

- Januari 1960: Lumumba anatolewa gereza la Jadotville (Likasi) apelekwe Mkutano wa Meza ya Duara, Brussels
- 30 Juni 1960: uhuru
- 5 Julai: askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, wanaanza kuasi
- 11 Julai: Tshombe anatangaza kujitenga kwa jimbo la Katanga
- 5 Septemba: rais Kasavubu anamfukuza Lumumba
- 14 Septemba: Mobutu, akiwa kanali, anatwaa hatamu
- 27 Novemba: Lumumba anatoroka Léopoldville kuelekea Stanleyville (Kisangani)
- Mwanzoni mwa Desemba: anakamatwa Lodi, mto Sankuru
- 17 Januari 1961: anauawa
- 13 Februari 1961: Katanga inatangaza kifo, kwa maelezo ya uongo

Hesabu toka 30 Juni hadi 5 Septemba: siku 67. Uwaziri mkuu wote ni huo. Filamu inazipitisha kwa kasi, na mtazamaji asiye na tarehe hudhani alitawala miaka miwili.

#7 Kipanga

Lile la yule jenerali kuandika ubaoni "kabla ya uhuru = baada ya uhuru" ni la kweli au chumvi ya filamu?

#8 BintiPangani

La kweli. Jenerali Janssens, mkuu wa Force Publique, aliwaandikia askari wake ubaoni. Maasi yalianza siku hiyo hiyo. Na hotuba ya 30 Juni ni ya kweli, ila imefupishwa. Maandishi yake kamili yapo, yasome kando ya hotuba ya mfalme Baudouin aliyetangulia kumsifu Leopold II, kaka wa babu wa baba yake. Bila hotuba ya mfalme, ya Lumumba inaonekana kama mtu aliyeamka na hasira zake tu.

#9 Fundi Sinema

Ngoja niingilie upande wa ufundi maana najua swali linakuja: "mbona maandishi hayaendani na sauti?"

Hili ni tatizo la *Lumumba* hasa. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya huenda picha 25, kwa hiyo filamu inakimbia kidogo: dakika 115 zinakuwa kama 110 na nusu. Faili lako likisoma saa 1 na dakika 50, usianze kulalamika kwamba limekatwa. Wengi wanachukua video ya Ulaya halafu wanaipachika sabtaitol (maandishi ya tafsiri) ya Marekani iliyopangwa kwa picha 23.976. Matokeo: mstari wa kwanza sawa, dakika ya 10 maandishi yamechelewa sekunde 25 hivi, mwisho wa filamu yamechelewa karibu dakika 5. Lumumba ameshakufa, maandishi bado yako mtoni Sankuru.

Namna ya kupima: angalia sentensi ya kwanza na ya mwisho. Kama ucheleweshaji ni ule ule mwanzo na mwisho, sogeza tu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Kama ucheleweshaji unaongezeka, G na H hazitakusaidia. Utasogeza hadi usiku. Fungua sabtaitol kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri sabtaitol, nenda sehemu ya kubadilisha kasi ya picha, toka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa jina jipya.

Ukiona herufi za Kifaransa zimegeuka madude, é imekuwa alama mbili zisizosomeka, tatizo ni usimbaji. Faili ni la UTF-8 ila programu inalisoma kwa usimbaji mwingine: kwenye mipangilio ya sabtaitol ya VLC chagua UTF-8, basi.

La tatu: kuna sehemu wanaongea Kilingala. Baadhi ya faili za sabtaitol zinatafsiri Kifaransa pekee na kuruka Kilingala. Fungua faili, kagua kabla.

#10 Kipanga

Na zile za kutafsiriwa na ma-DJ?

#11 Fundi Sinema

Kwa muvi ya ngumi sawa. Kwa hii hapana. DJ anaongea juu ya sauti zote, na Peck anaweka taarifa nyuma: redio inayosikika chumba cha pili, jina linalotajwa mlangoni. Vyote vinamezwa.

Sabtaitol za Kiswahili zilizopitishwa kwenye mashine nazo zina mitego. "Force Publique" ikigeuzwa "nguvu ya umma" umeshapotea, lile ni jina la jeshi la kikoloni, liache lilivyo. "Table ronde" ni mkutano wenyewe wa Brussels, siyo fanicha.

#12 Mzee wa Reli

Fundi, ongeza na la toleo. *Lumumba* ipo ya Kifaransa na ipo iliyopachikwa sauti za Kiingereza kwa televisheni ya Marekani. Katika hiyo ya HBO kuna jina limefunikwa kwa mlio: Frank Carlucci, aliyekuwa ofisa wa ubalozi wa Marekani Léopoldville mwaka 1960 na baadaye waziri wa ulinzi wa Reagan. Alikana kuhusika, wanasheria wakaingia kati. Kwa hiyo ukisikia mlio pale watu wanapotambulishwa, faili lako halina kasoro, ndilo toleo lenyewe. Tafuta la Kifaransa. Eriq Ebouaney ameigiza kwa sauti yake, na nusu ya uigizaji wake iko kooni.

#13 Mwana Lubumbashi

Bandugu, naongeza juu ya Katanga. Safari ya mwisho filamu inaibana sana. Ilikuwa hivi: toka kambi Hardy kule Thysville (leo Mbanza-Ngungu) ndege ndogo ikabapeleka Moanda, kule bakapandishwa DC-4 mpaka Élisabethville (leo Lubumbashi). Balipigwa ndani ya ndege njia yote. Balifika uwanja wa Luano jioni ya 17 Januari, bakawekwa nyumba ya Brouwez, na usiku ule ule bakapelekwa Shilatembo, kilomita kama 50 toka mjini. Balikuwa batatu: Okito alipigwa risasi wa kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho. Bantu banasahau majina ya Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ukiangalia filamu, batafute hao babili toka mwanzo, usingoje mpaka kwenye mti balipopigiwa risasi.

Kingine: filamu haikupigwa kwetu. Vita ilianza 1998, njo maana bakaenda Zimbabwe na Msumbiji. Mtu wa Lubumbashi akiona barabara anajua mara moja si kwetu.

#14 Kibatari

Asante sana ndugu. Hapo kwenye miili: Gérard Soete, ofisa wa polisi wa Kibelgiji, ndiye aliyepewa kazi ya kuipoteza, kwa msumeno na tindikali. Filamu ilitoka 2000. Bunge la Ubelgiji lilichunguza na kutoa ripoti Novemba 2001, serikali ikaomba radhi Februari 2002, na jino la Lumumba lililobaki lilikabidhiwa familia Brussels tarehe 20 Juni 2022. Kwa hiyo Peck alipiga picha kabla ya ripoti rasmi. Mtu akisema "Peck kanakili ripoti ya bunge", mwambieni ahesabu miaka.

#15 Kipanga

Wapi sasa amempaka mafuta Lumumba? Maana mnamsifia tu.

#16 BintiPangani

Kasai. Mwishoni mwa Agosti 1960 jeshi la serikali lilipelekwa Kasai Kusini, Bakwanga, dhidi ya waliojitenga chini ya Kalonji, na raia wengi Waluba waliuawa. Ni moja ya sababu alizozitumia Kasavubu kumfukuza. Kwenye filamu linapitwa haraka mno kwa uzito wake. Pia sauti ya msimulizi ni ya Lumumba mwenyewe akimwandikia mkewe, kwa hiyo kila kosa unalisikia kwa upole wa aliyelitenda. Si uongo, ni upande. Mtu mzima akijua kwamba msimulizi ni marehemu anayejieleza, anajua namna ya kupima.

Kwa upande mwingine mwisho wake hauna huruma kwa mtu: Mobutu anamtangaza Lumumba shujaa wa taifa, jambo lililotokea kweli 1966. Muuaji anamwekea marehemu shada.

#17 Kibatari

Twende Rwanda. Mambo ya kushika kabla ya *Sometimes in April*:

Ndege ya rais wa Rwanda, Habyarimana, ilidunguliwa usiku wa 6 Aprili 1994 ikitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais wa ukanda huu. Humo alikuwamo pia rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Tarehe 7 waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, pamoja na askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio 912 kupunguza kikosi cha watu kama 2,500 hadi 270. Filamu inapokatiza toka vizuizini Kigali kwenda kwenye meza za Washington, weka tarehe hizi pembeni, utaona kila kikao kilikuwa siku gani.

Sehemu nyingine ya filamu, inayopishana na ya 1994, ni 2004. Augustin (Idris Elba) anakwenda Arusha ambako kaka yake Honoré, mtangazaji wa RTLM, redio iliyochochea mauaji, anashtakiwa kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda (ICTR).

#18 Njoroge wa Gilgil

Yule mama wa Washington anayepiga simu bila kupata jibu, Prudence Bushnell aliyeigizwa na Debra Winger, ni mtu wa kweli na si mgeni Kenya. Baadaye alikuja kuwa balozi wa Marekani Nairobi, na ndiye aliyeshika wadhifa huo ubalozi ulipolipuliwa 7 Agosti 1998. Watazamaji wengi hapa kwetu hawaunganishi hayo mawili.

Na Honoré ni wa kubuni, lakini kesi yake ina mifano. Georges Ruggiu, Mbelgiji mwenye asili ya Italia aliyetangaza RTLM, alikamatwa Mombasa 1997, akakiri kosa Arusha, akapewa miaka 12 mwaka 2000. Kesi kubwa ya vyombo vya habari, ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, ilihukumiwa 3 Desemba 2003. Namba yake ni ICTR-99-52-T. Hukumu hiyo inasomeka bure mtandaoni kwenye kumbukumbu za mahakama. Ni ndefu kama barabara ya Lodwar. Nenda moja kwa moja sehemu ya RTLM, usome dondoo za matangazo, halafu rudi kwenye filamu.

#19 Mzee wa Reli

Zingatieni lugha. RTLM ilitangaza kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Filamu ni ya HBO, hivyo wahusika wakuu wanaongea Kiingereza. Hapo ndipo inapopoteza zaidi kuliko kwenye *Lumumba*. Chuki ya redio ile ilikaa kwenye methali, utani na nyimbo za Kinyarwanda. Neno *inyenzi*, mende, kwa Kiingereza linabaki kuwa mdudu. Ilichopata kwa malipo ni mahali: imepigwa Rwanda kwenyewe, tofauti na *Hotel Rwanda* iliyopigwa zaidi Afrika Kusini. Vilima vile havidanganyi, na wengi wa waliosimama mbele ya kamera wakiwa umati walikuwa Wanyarwanda.

#20 Kipanga

Wasichana wa shule wanaokataa kujitenga Wahutu huku Watutsi huku. Ilitokea?

#21 BintiPangani

Ilitokea, ila si pale wala mwaka ule. Tukio linalojulikana zaidi la aina hiyo ni la sekondari ya Nyange, 18 Machi 1997, karibu miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari. Wanafunzi waliambiwa wajitenge, wakakataa, baadhi wakauawa. Leo wanahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa la Rwanda. Filamu inaweka ukataaji wa namna hiyo ndani ya Aprili 1994, kwenye shule ya bweni. Huu ndio mfano mzuri wa kanuni ya Kibatari: chumba cha kubuni, kitendo kinachofanana na cha kweli, tarehe imehama. Anayefundisha aseme wazi, la sivyo mwanafunzi ataandika 1994 kwenye mtihani.

#22 Fundi Sinema

Bando kwa wanaouliza inbox: dakika 140 ni sekunde 8,400. Kwa mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 1,050. Kwa megabiti 1.5, karibu 1,600. *Lumumba* kwa megabiti 1 ni kama 860. Msishushe chini ya hapo. *Lumumba* ina usiku mwingi, na picha ikibanwa sana giza lote linakuwa vijiboksi, huoni nani amesimama kwenye taa za magari.

#23 Mzee wa Reli

Namba 4 na 5 za Kibatari ni kazi ya aina nyingine. *I Am Not Your Negro* haina mtaalamu anayehojiwa sasa kukueleza mambo. Maneno yote ni ya James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, yanasomwa na Samuel L. Jackson, na msingi ni kurasa kama 30 za kitabu ambacho Baldwin hakukimaliza, kuhusu wapigania haki za weusi Medgar Evers (aliuawa 12 Juni 1963), Malcolm X (21 Februari 1965) na Martin Luther King (4 Aprili 1968). Filamu haifuati mpangilio huo, inaruka. Kosa la kawaida ni kudhani Jackson anaandika upya. Hapana, anasoma, na kwa sauti ya chini kuliko mlivyomzoea.

*Le jeune Karl Marx* ni miaka ya 1843 hadi 1848 tu, inaishia kwenye Ilani ya Kikomunisti. Lugha tatu, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na watu wanabadilisha katikati ya sentensi, kwa hiyo sabtaitol ya lugha zote au usiiwashe. Mwanzo wake wa maskini kuokota kuni msituni na kupigwa unatoka kwenye mjadala wa sheria ya wizi wa kuni ambao Marx aliuandikia gazetini 1842. Baada ya hapo ni mabishano ya vyumbani, na kama hupendi mabishano, utalala.

#24 Kibatari

Niliacha moja kwa makusudi: *Ernest Cole: Lost and Found* (2024), mpiga picha wa Afrika Kusini aliyekufa uhamishoni 1990, na negativu 60,000 zilizokutwa benki Stockholm 2017. Anayetaka kujua Peck anavyofanya kazi na picha za maktaba aanze na hiyo, kisha arudi kwenye ile ya dola 3,000 kwa dakika.

#25 Mwalimu Kidato

Habari wakubwa. *Sometimes in April* kwa kidato cha nne, darasa la historia, kipindi dakika 40. Inawezekana?

#26 BintiPangani

Shikamoo mwalimu. Inawezekana kwa vipindi vinne: dakika 35 za kutazama, 5 za kuandika. Usikate pale muda unapoisha tu. Itazame yote wewe kwanza na uandike saa ya kila tukio kwenye faili lako, kwa sababu matoleo yanatofautiana. Tukio la shule ya bweni lisiangukie mwisho wa kipindi, watoto watatoka nalo kwenda mapumziko. Lipange katikati, ubaki na muda wa kuzungumza.

Karatasi ya mwanafunzi iwe na safu nne: tarehe, nani, wapi, kweli au kubuni. Safu ya nne wasiijaze siku hiyo. Kipindi cha tano waletee tarehe za Kibatari namba 17 na ile ya Nyange, ndipo wajaze.

Na uliza mapema, kwa faragha, kama kuna mwanafunzi mwenye familia iliyotoka Rwanda au Burundi. Huyo apewe nafasi ya kutokuwepo bila kuulizwa mbele ya wenzake.

#27 Mwalimu Kidato

Marahaba mwanangu, nimenakili. Projekta yetu sauti yake ni ndogo.

#28 Fundi Sinema

Usitegemee spika ya projekta. Waya wa sauti wa milimita 3.5 toka kompyuta kwenda spika ya nje, na kwenye VLC sauti inapanda hadi asilimia 125 lakini inakwaruza, ishie 100 na upandishe kwenye spika. Jaribu na sehemu ya redio ya RTLM: mkaa dawati la nyuma akisikia maneno ya redio, darasa lote linasikia.